Mtihani wa Udaktari wa India na Kipimo Kisichotulia

Mwaka 2022 kijana wa India aliyepata alama 117 kati ya 720 katika mtihani wa taifa wa kujiunga na vyuo vya udaktari aliandikwa miongoni mwa waliofaulu. Mwaka 2024 kijana mwingine, asiyekuwa katika makundi yaliyotengewa nafasi kwa sheria kama alivyokuwa yule wa kwanza, akipata alama 161 aliandikwa miongoni mwa walioshindwa. Je, kati ya wawili hao ni yupi aliyeijua zaidi biolojia, kemia na fizikia? Aonaye tarakimu peke yake atasema upesi kwamba ni yule wa pili. Lakini jibu la kisayansi ni jingine: kwa alama hizo mbili tu, hapana awezaye kusema. Alama ya mtihani si kilo wala si mita. Kilo ya mwaka huu ni ile ile ya mwaka jana. Alama ya mwaka huu huenda isiwe.

Mtihani unaozungumzwa hapa hujulikana kwa kifupi kama NEET. Historia yake ni ya misukosuko. Ulifanywa mara ya kwanza tarehe 5 Mei 2013, kwa nia ya kuondoa mitihani mingi iliyokuwa ikitungwa na majimbo na vyuo mbalimbali. Mnamo Julai ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India iliutengua. Mwaka 2014 na 2015 ukarudishwa mtihani wa zamani, na ule wa 2015 ukafutwa na kurudiwa baada ya kugunduliwa kwamba majibu yalikuwa yakipelekwa kwa watahiniwa kwa vyombo vya elektroniki. Aprili 2016 Mahakama iliiondoa hukumu yake ya kwanza, na NEET ikarudi, safari hii kwa awamu mbili katika mwaka mmoja: tarehe 1 Mei na tarehe 24 Julai.

Baada ya hapo umbo la mtihani lilionekana kutulia. Maswali yalikuwa 180, nusu yake ya biolojia na nusu nyingine ikigawanywa sawa baina ya fizikia na kemia. Jibu sahihi lilipata alama 4, jibu la makosa lilikatwa alama 1, na muda ulikuwa dakika 180. Lakini utulivu huo haukudumu. Mwaka 2019 usimamizi ulihamishiwa chombo kipya. Mwaka 2020 vyuo vikubwa vya AIIMS na JIPMER, vilivyokuwa na mitihani yao wenyewe, viliingizwa katika NEET. Mwaka 2021 watahiniwa walipewa maswali 200 na kutakiwa wajibu 180, wakiruhusiwa kuchagua katika sehemu fulani. Mwaka 2022 waliongezewa dakika 20. Mwaka 2024 muhtasari wa masomo ulipunguzwa. Mwaka 2025 uchaguzi wa maswali uliondolewa, na dakika zile 20 zikaondolewa pamoja nao.

Sasa na zitazamwe alama zenyewe. Alama ya chini ya kufaulu kwa watahiniwa wa kawaida ilikuwa 134 mwaka 2019, 147 mwaka 2020, 138 mwaka 2021, 117 mwaka 2022, 137 mwaka 2023, 162 mwaka 2024 na 144 mwaka 2025. Alama ya juu kabisa ilikuwa 701 mwaka 2019, ikafika 720, yaani alama zote, mwaka 2020 na 2021, ikashuka hadi 715 mwaka 2022, ikarudi 720 mwaka 2023 na 2024, kisha ikaanguka hadi 686 mwaka 2025. Msomaji asiyeambiwa jambo jingine angedhani kwamba akili za vijana wa India hupanda na kushuka kama maji ya pwani.

Sababu ya kweli ni nyepesi zaidi. Alama ya kufaulu kwa watahiniwa hao haikupangwa kwa kuuliza daktari wa kesho apaswa kujua kiasi gani. Ni alama ya mtahiniwa aliye katikati ya safu, wote wakipangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi ikiwa ngumu, safu nzima hushuka na alama hiyo hushuka nayo. Karatasi ikiwa rahisi, hupanda. Kwa hiyo tarakimu hizo hueleza habari za karatasi kama zinavyoeleza habari za wanafunzi, na hazimwambii mtu lipi ni la karatasi na lipi ni la mwanafunzi.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha jinsi mabadiliko ya umbo yanavyogusa alama. Mwaka 2020 mtahiniwa alikuwa na sekunde 60 kwa kila swali la kujibu. Mwaka 2024 alikuwa na sekunde 67 hivi, na juu ya hayo aliweza kuruka baadhi ya maswali yaliyomshinda bila kupoteza kitu. Mwaka 2025 alirudi kwenye sekunde 60, na kila swali aliloliruka lilimgharimu alama 4. Hata kubahatisha kuna kanuni yake. Swali lina majibu manne ya kuchagua. Anayebahatisha maswali manne kwa wastani atapata moja na kukosa matatu, yaani atapata alama 4 na kukatwa 3. Faida yake ni alama 1. Hivyo asiyejua lolote akibahatisha maswali yote 180 atapata kwa wastani alama 45. Umbali wa kutoka 45 hadi 117 si mkubwa sana. Na humo ndimo ilimopangwa alama ya mtu wa katikati mwaka 2022.

Kisa cha mwaka 2024 kilionyesha wazi hatari ya kugusa mizani wakati wa kupima. Matokeo yalipotangazwa tarehe 4 Juni, watahiniwa 67 walikuwa wamepata alama 720. Tena baadhi ya watu walikuwa na alama 719 na 718. Wanafunzi wenyewe waliona upesi kwamba alama hizo haziwezekani: aliyepatia yote ana 720, aliyeacha swali moja ana 716, aliyekosea moja ana 715. Baina ya 716 na 720 hakuna kitu. Ndipo ilipoelezwa kwamba watahiniwa 1,563 waliopotezewa muda katika vituo vyao walikuwa wameongezewa alama za fidia. Alama hizo zilifutwa, na waliohusika wakapewa nafasi ya kurudia mtihani. Katika wale 67, sita walikuwa wamefika kileleni kwa fidia hiyo. Wengine 44 walifika kwa swali moja la fizikia kuhusu atomu, ambalo majibu yake mawili yalikubaliwa kwa sababu toleo la zamani la kitabu cha shule lilikuwa na sentensi iliyotofautiana na toleo jipya. Mahakama iliomba wataalamu walitazame swali hilo, nao wakasema jibu sahihi ni moja tu. Waliobaki na alama 720 walikuwa 17.

Kwa hiyo sentensi moja ya kitabu iliwashusha watu 44 kutoka kileleni. Katika mtihani uliofanywa na zaidi ya watu milioni 2.3, alama tano ni nafasi elfu nyingi katika safu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote si neno, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka mmoja hufanya karatasi moja na hupangwa kwa nafasi zao, si kwa alama zao. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa na haifai kupuuzwa. Karatasi ngumu huwa ngumu kwa wote, na aliye wa mia huwa wa mia. Lakini hoja hiyo huwasahau watu wa aina mbili. Wa kwanza ni anayerudia. Nchini India vijana wengi hutumia mwaka mzima, au miwili, baada ya kumaliza shule wakijiandaa upya kwa mtihani huu. Kijana wa namna hiyo, akiamua kama ataendelea au ataacha, hutazama alama yake ya mwaka uliopita na alama iliyowaingiza wenzake chuoni. Kipimo kikibadilika, uamuzi wa maisha yake hujengwa juu ya mchanga.

Wa pili ni mwanafunzi maskini. Umbo la mtihani linapogeuzwa, shule za ziada za kulipia kama zile za mji wa Kota hutunga upya mazoezi yao kwa siku chache. Mwanafunzi wa kijijini hana budi kutegemea vitabu vya mwaka juzi. Jimbo la Tamil Nadu lafaa kuwa mfano. Kwa takriban miaka kumi jimbo hilo lilichagua wanafunzi wa udaktari kwa alama za darasa la 12, bila mtihani wa kujiunga. Mwaka 2017 NEET ilianza kutumika huko pia, na vijana waliosomea mtihani wa jimbo wakajikuta wanapimwa kwa mwingine. Mwaka 2020 serikali ya jimbo ililazimika kutenga asilimia 7.5 ya nafasi kwa ajili ya wanafunzi wa shule za serikali waliofaulu NEET. Yaonyesha kwamba mabadiliko ya mtihani hayaanguki juu ya mabega yote kwa uzito mmoja.

Hii si kusema kwamba mtihani usibadilishwe kamwe. Kuingizwa kwa AIIMS na JIPMER kuliwapunguzia vijana nauli na ada za mitihani mingi. Kuongezwa kwa lugha, hata zikafika 13 mwaka 2021, kuliwafungulia mlango wengi. Kubadilisha maswali kila mwaka ni lazima, ama sivyo mtihani ungekuwa wa kukariri. Lililo baya ni kubadilisha rula yenyewe bila taarifa ya kutosha. Taarifa ya kurudi kwenye maswali 180 ilitolewa tarehe 25 Januari 2025, na mtihani ukafanywa tarehe 4 Mei: siku 99 tu kwa masomo yanayochukua miaka miwili.

Njia ya kisayansi ya kulinganisha miaka ipo. Maswali machache ya siri hurudiwa katika karatasi za miaka mbalimbali, na kwa hayo hujulikana kama ni karatasi iliyokuwa ngumu au ni wanafunzi waliokuwa dhaifu. Lakini njia hiyo ina gharama yake, kwani maswali ya siri hayawezi kutangazwa. Na ni kutangazwa kwa karatasi na kanuni kulikowawezesha vijana wa 2024 kuhoji alama 719. Uwazi huo ni mali ya umma na haufai kuuzwa kwa bei rahisi. Kama India itachagua kuendelea nao, basi hapana budi ishike mambo matatu: umbo la mtihani litangazwe kabla mwanafunzi hajaanza darasa la 11, na lisiguswe mpaka amalize darasa la 12, matokeo yaonyeshe nafasi ya mtahiniwa katika safu kwa maandishi makubwa kuliko alama yake, na kila mwaka watunzi waeleze hadharani ni maswali yapi yaliwashinda wengi.

Walimu wa sekondari waweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa juma moja. Wanafunzi wagawanywe makundi mawili kwa kura. Kundi moja lipewe maswali 20 na kutakiwa lijibu yote. La pili lipewe hayo hayo na mengine manne, na kuruhusiwa lichague 20. Somo liwe moja, mwalimu mmoja na saa moja. Alama zikilinganishwa, wanafunzi waulizwe ni kundi lipi lenye akili zaidi. Atakayejibu kwa kutazama alama peke yake, bila kuuliza kwanza jinsi zilivyopatikana, bado hajajifunza kupima.