Asilimia ya chanjo ni ushahidi: nani amewahesabu watoto wa visiwa vidogo?

 

Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la Kuhudumia Watoto (UNICEF) yalitangaza kwamba watoto milioni 14.3 duniani hawakupata chanjo hata moja katika mwaka 2024. Miezi mitano kabla ya tangazo hilo, Serikali ya Marekani ilikuwa imekatisha fedha za uchunguzi wa kaya ambao kwa miaka arobaini umezipatia nchi kama yetu takwimu za afya ya mama na mtoto. Baadaye Gates Foundation ilitoa fedha za muda, lakini fedha za muda hazijibu swali lililokwishafunguka: kuwahesabu watoto wetu ni kazi ya nani?

Sisi tunaliona jambo hili kuwa la dini kabla ya kuwa la ofisi. Anayesema kwamba shehia fulani imechanja watoto asilimia 95 anatoa ushahidi juu ya nafsi ambazo sheria imeamrisha zilindwe. Na ushahidi una masharti yake. La kwanza ni kwamba shahidi awe amekijua anachokishuhudia.

Asilimia hujengwa kwa namba mbili. Ya juu ni watoto waliochanjwa, nayo hutoka katika daftari la zahanati. Ya chini ni watoto wote waliostahiki kuchanjwa, na hii, aghalabu, haikuhesabiwa na mtu. Imekadiriwa kutokana na sensa iliyopita. Hapo ndipo penye tatizo. Sensa ya 2012 iliikuta Zanzibar na watu 1,303,569, wakiwa wameongezeka kwa asilimia 2.8 kila mwaka tangu sensa ya 2002. Mtu aliyeendelea kukadiria kwa kasi hiyohiyo angetarajia kuwakuta watu wapatao 1,720,000 mwaka 2022. Sensa ya Agosti mwaka huo iliwakuta 1,889,773. Watu kiasi cha 170,000, wengi wao bila shaka watoto, wangekuwa nje ya hesabu yake.

Ikiwa kosa la kiasi hicho lawezekana kwa Zanzibar nzima, itakuwaje kwa Kojani, Fundo, Kisiwa Panza, Makoongwe au Tumbatu, ambako kuhama kwa koo mbili tu kunaigeuza hesabu ya kijiji? Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani yote kwa kwenda dago. Hufuata samaki miezi kwa miezi, na wapo wanaohamia kabisa na familia zao. Mtoto aliyezaliwa kisiwani akachanjwa Tanga huandikwa Tanga, ambako hakutarajiwa, na hukosekana kwao, alikotarajiwa. Ndivyo kituo kimoja kinavyoweza kuandika asilimia 110 na kingine 60, na zote mbili zisiwe kweli. Asilimia 110, kwa hakika, ni daftari linalokiri lenyewe kwamba halijui lina watoto wangapi.

Hapo ndipo uchunguzi wa kaya unapohitajika, maana wenyewe huenda nyumbani badala ya kusubiri kituoni. Lakini nao una mipaka. Maeneo huchaguliwa kwa kura, na matokeo ya ule wa 2022 husomwa kwa mkoa, si kwa kisiwa. Tuchukue mfano: mkoa una watoto 10,000, na kisiwa kimoja ndani yake kina 300. Wote 300 wakikosa chanjo na wengine wote wakaipata, mkoa utaandikiwa asilimia 97 na viongozi watapongezana. Surua haisomi asilimia ya mkoa. Hutafuta mahali ambapo wasiochanjwa wanaishi pamoja, wakilala chumba kimoja na kusoma chuo kimoja.

Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki yenye watu wapatao 200,000, iliyaona hayo. Mwaka 2018 wachanga wawili walifariki kwa kosa la kuchanganya dawa, chanjo ikasitishwa, na wazazi wakaingiwa na hofu. Waliopata dozi ya kwanza ya surua wakashuka hadi asilimia 31. Mwaka uliofuata waliugua watu zaidi ya 5,700 na kufariki 83, wengi wao watoto wadogo. Tarehe 5 na 6 Desemba 2019 serikali ilisimamisha shughuli zote, na kila nyumba yenye asiyechanjwa ikatakiwa kutundika kitambaa chekundu nje. Hesabu ya nyumba kwa nyumba ilikuja, lakini makaburi yalikuwa yameitangulia.

Mchunguzi anapobisha hodi, ni shahidi yupi amkubali? Kadi ya kliniki ndiyo bora. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na wanavyuoni wamejifunza humo thamani ya maandishi pale kumbukumbu inapochoka. Lakini kadi huloa mashuani au hubaki Unguja kwa bibi yake mtoto. Hapo husikilizwa mama, naye mwenye watoto sita hawezi kulaumiwa akichanganya sindano ya huyu na ya yule. Shahidi wa tatu ni damu. Pepopunda haimwachii mgonjwa kinga. Kinga hiyo ikikutwa katika tone la damu ya mtoto wa miaka miwili, imeletwa na chanjo. Kwa surua damu haisemi wazi hivyo, kwani aliyeugua na aliyechanjwa hufanana.

Kwa watu wazima hali ni ngumu zaidi, maana wengi hawana kadi kabisa. Haji huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya safari. Mvuvi wa Fundo haulizwi na yeyote. Hata hivyo tunao mfano wa nyumbani. Januari na Februari 2009, chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa Unguja na Pemba kwa wakubwa na wadogo kuanzia umri wa miaka miwili. Waliostahiki walijulikana: 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921, yaani nusu. Nusu si namba ya kujivunia, lakini ilikuwa ya kweli, na kwa sababu ilikuwa ya kweli ilifaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba chanjo iliwakinga walioinywa kwa asilimia 79, na kwamba hata wasioinywa walipata hifadhi pale majirani zao wengi walipokuwa wameinywa. Namba iliyopambwa isingetufundisha hayo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Sheha anayo orodha ya wakaazi wake. Mwalimu wa chuo anamjua kila mtoto anayeshika juzuu, na imamu hualikwa kwenye akika. Watatu hawa wakikaa na muuguzi mara moja kila kusi na kila kaskazi, wakaandika nani kazaliwa, nani kahama na nani yuko dago, namba ya chini itapatikana bila kusubiri mfadhili. Muuguzi naye asilaumiwe atakapoleta asilimia 62 badala ya 95. Akilaumiwa, msimu unaofuata ataleta 95, na hakuna atakayejua ni watoto gani waliokosekana.