Mmeniongezea Spidi, Lakini Waya Ni Ule Ule

Kuna meseji inaingia kwa simu za wasee wengi hii Nairobi, na mimi nimechoka nayo. "Mpendwa mteja, spidi yako imeongezwa!" Halafu ka-roketi hapo mwisho. Swali langu ni moja: imeongezewa wapi? Spidi haikai kwa meseji. Spidi inapita kwa waya, na huo waya tangu uwekwe hakuna mtu amerudi kuugusa.

Wacha niseme wazi kabisa. Kumwuzia mtu spidi zaidi bila kupima laini inayoingia kwake ni kumpiga. Haijalishi tangazo ni safi aje.

Chukua kesi yangu. Naishi Roysambu, ghorofa ya sita. Kampuni inayoleta intaneti kwa ploti yetu ni ndogo, ya huku mtaani, na jina lake nitaliacha. Nilikuwa nalipa 2,000 kwa mwezi, Mbps 8. Wakaja na ofa: ongeza 800 tu, upate Mbps 30. Nikaongeza. Jioni nikapima, 9.4. Nikapima saa nane usiku wakati ploti nzima imelala, 9.4. Asubuhi na mapema, 9.4. Nikazima rauta, nikawasha, nikaomba Mungu. 9.4.

Ukweli wote uko hapo kwa 9.4, kwa hivyo nisikize kidogo. Intaneti ikilemewa na watu wengi, namba hupanda na kushuka. Saa mbili usiku kila mtu akiwa Netflix inakuwa mbaya, alfajiri inakuwa poa. Lakini namba ikisimama mahali pamoja usiku na mchana, jua kuna kitu kimeiziba, na kizibo chenyewe unaweza kukijua kwa namba. Ile kebo inayopanda ngazi hadi kwa rauta yako ina nyaya nane ndani, zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Vifaa vya pande mbili vikiwashwa huwa vinakubaliana vitazungumza kwa kasi gani: Mbps 1,000, au 100, au 10. Elfu moja inataka jozi zote nne ziwe nzima. Mia moja inatosheka na jozi mbili. Kebo ikiwa mbovu sana, vifaa vinaweza kuangukia 10, na ukitoa ile nafasi inayoliwa na mawasiliano yenyewe, unabaki na 9.4 hivi. Vivyo hivyo kwa 100, utapata 94 hivi. Kwa hivyo kama umelipia 200 na kila ukipima ni 94, hiyo siyo bahati mbaya. Ama kuna jozi imekatika mahali, ama tundu la rauta waliyokupea mwisho wake ni 100.

Mimi nililipia 30 na laini yangu ni ya 10. Hesabu iko hivi: shilingi 800 kila mwezi zilininunulia Mbps 1.4.

Na usidhani ni mambo ya kujivunia spidi. Natengeneza video. Faili ya GB 4 kwa spidi ya 9 inachukua karibu saa nzima kupanda. Kwa 30 ni dakika kama 18. Msee anayefanya kazi za mtandaoni, anayesoma kozi kwa Zoom, anayeuza nguo live kwa TikTok, hizo dakika ndizo kazi yake.

Nilipiga simu wiki mbili ndio fundi akaja. Kijana mpole, hata chai alikataa. Akafungua lile boksi la chini karibu na mita za stima, akaangalia, akacheka kidogo. "Bosi, hii kebo iliwekwa na wale wa kwanza. Imepita juu ya mabati, jua limeikula. Na hapa mtu aliiunga na selotepu." Nikamwuliza, fundi, si uibadilishe? "Mimi nimetumwa kuangalia rauta. Kebo ya ndani ni ya landilodi." Nikashuka kwa keateka. Mzee akasema kebo ni ya kampuni, yeye kazi yake ni maji na takataka. Sasa kampuni inasema ni ya landilodi, landilodi anasema ni ya kampuni, lakini pesa ya spidi inayopaswa kupita kwa hiyo kebo ikitumwa, hakuna anayeuliza ni ya nani.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki: wanaiona. Pale kwa swichi ya kampuni, kila tundu linaonyesha limekubaliana kasi gani na upande wa pili. Mtu akiwa ofisini na kompyuta yake anaweza kuona laini yangu imekwama kwa 10. Hata wale wa faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba, kampuni inaweza kusoma mwanga unaokufikia una nguvu kiasi gani, na kama kebo imekunjwa vibaya nyuma ya kabati, inaonekana. Kwa hivyo kabla ya kuniambia "ongeza 800", ilikuwa kazi ya dakika moja kuangalia kama laini itabeba. Hawakuangalia, ama waliangalia na wakanyamaza. Chagua unayopenda.

Hii story ni ya kitambo kuliko sisi. Wazazi wetu wachache waliokuwa na simu ya mezani, enzi za shirika la Posta na Simu kabla ligawanywe mwaka wa 1999 na Telkom Kenya izaliwe, walijua laini inaweza kunguruma hadi usisikie mtu. Baadaye intaneti ikapitishwa kwa nyaya hizo hizo za shaba, zile ambazo wezi hawakuwa wamezing'oa kuuza kama vyuma kuukuu. Wengi wetu tuliruka hiyo hatua, tukaenda kwa simu ya mkononi na faiba. Lakini huko Uingereza karibu kila nyumba ilikuwa na simu, na huko ndiko unaona vizuri jinsi laini inavyoamua nani ataongezewa spidi na nani atabaki na meseji.

Mwaka wa 2006 BT ilianza kufungulia laini za simu spidi ya "hadi Mbps 8". Ile "hadi" ndiyo ilibeba uongo wote. Mawimbi ya intaneti yakipita kwa shaba yanazidi kufifia kila mita. Aliyekuwa karibu na kituo cha simu alipata 7 na kitu. Aliyekuwa kilomita tano alipata 2, akiwa na bahati. Halafu wakaleta teknolojia mpya ya hadi 24. Ilifanya nini? Iliongeza masafa ya juu zaidi, na hayo masafa ya juu ndiyo yanayokufa mapema kwa waya mrefu. Kwa hivyo aliyekuwa karibu akaongezewa tena, na aliyekuwa mbali hakuona karibu chochote. Tangazo lilikuwa moja, bei ilikuwa moja.

Na haikuwa umbali peke yake. Ndani ya nyumba zao kulikuwa na waya wa tatu wa kupiga kengele ya simu. Ulikuwa unanasa kelele kama eriali. Watu walikuwa wanauchomoa wenyewe, na spidi inapanda papo hapo. Wazia, kampuni imetumia mamilioni kuboresha mitambo, na kitu kinachokuzuia ni kawaya kamoja ndani ya ukuta wako ambako hakuna aliyekuambia uangalie.

Sisi tumebadilisha shaba ya simu kwa faiba, lakini tabia tukaibeba. Mkonga wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka wa 2009. Data inavuka kilomita karibu 5,000 chini ya bahari kutoka Fujairah bila shida, inapanda hadi Nairobi, inafika kwa geti, halafu inakwama kwa ngazi za ploti. Mita arobaini za mwisho.

Ndiyo maana hii mambo ya kuongezewa spidi haifiki kwa watu wote sawa. Mwaka wa 2024 Safaricom ilipanua vifurushi vyake vya nyumbani: cha 10 kikawa 15, cha 100 kikawa 500. Siwasemi vibaya hapa, ni kitu poa. Lakini fikiria huyo wa 100 kwenda 500. Kama kompyuta yake imeunganishwa kwa kebo ya zamani yenye jozi mbili nzima, atabaki na 94 yake hadi Yesu arudi. Na hao ni watu wa kifurushi kikubwa, wanaweza kumwita fundi wao na kulipa. Msee wa Pipeline au Kayole, ambaye landilodi ameruhusu kampuni moja tu iingie kwa ploti, ataenda wapi?

Najua majibu yao, nimeyasikia yote. "Ni waifai yako, kaa karibu na rauta." Mara nyingi hiyo ni kweli, kuta za mawe zinakula waifai vibaya sana. Basi chomeka kompyuta kwa rauta na kebo fupi unayoiamini, pima saa mbili usiku na upime alfajiri, uweke picha. Ukipata namba ile ile, waifai imetoka kwa kesi. "Simu yako ni ya zamani." Kompyuta je? "Tulisema hadi 30." Ahaa. Hapo sasa tumefika.

Waingereza walichoka na hiyo "hadi". Kabla ya Mei 2018, kampuni ingeweza kutangaza spidi kama asilimia 10 tu ya wateja wanaipata. Tangu hapo, wakitangaza namba, lazima angalau nusu ya wateja waipate saa za msongamano, saa mbili hadi saa nne usiku. Na tangu Machi 2019, kampuni zilizotia saini mwongozo wa Ofcom zinakupa spidi ya chini kabisa ya laini yako wewe kabla ulipe. Ikishuka chini ya hapo, wana siku 30 kurekebisha. Wakishindwa, unaondoka bila faini.

Sisi tuna Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. Laini yangu inabeba ngapi, hiyo ni habari ninayohitaji. Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuzilazimisha kampuni ziiandike kwa ile ile meseji ya roketi: "Umelipia 30, laini yako inabeba 10, fundi anakuja Jumanne." Hapo hata emoji nitaivumilia.

Mamlaka inataka uanze kulalamika kwa kampuni kwanza ndio wao wakusikize, kwa hivyo barua pepe imeenda, na picha sita za 9.4 zenye tarehe na saa, na picha ya selotepu. Nimeomba vitu viwili: kebo mpya kutoka kwa boksi hadi ghorofa ya sita, na 800 zangu za miezi minne, yaani 3,200. Wakati wanafikiria, nimerudi kifurushi cha 2,000. Majirani watatu wa ghorofa ya tano wamepima pia. Wote ni 9.4.