Chumba cha Kompyuta Kifunguliwe



Ziko shule za umma nchini Tanzania zenye chumba cha kompyuta ambacho hufunguliwa akija mgeni tu. Madirisha yana nondo, mlango una kufuli mbili, mashine zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Zililetwa na mfadhili, au na mbunge, au na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Siku ya makabidhiano watoto waliimba na picha zikapigwa. Baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza mbili. Nyingine zikajaa virusi kutoka kwenye flashi. Zilizobaki mwalimu mkuu amezifungia, na tusimlaumu: zikiibiwa, atakayeitwa kujieleza ni yeye, si sisi.

Nawaomba tufanye jambo moja mwaka huu. Kabla ya kuomba au kuchangisha kompyuta nyingine hata moja, kila jamii ambayo shule yake ina kompyuta iunde kamati ya kuzitunza na kuhakikisha zinatumika. Kamati hiyo iwe na fundi anayejulikana kwa jina, na iwe na mfuko wake wa matengenezo, hata ukiwa mdogo. Mashine tumekuwa tukipewa. Tulichokosa ni watu wa kuzisimamia baada ya mfadhili kuondoka, na watu hao hawatatoka kwingine ila kwetu.

Majirani zetu wa Kenya wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 2013 serikali yao iliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa katika shule za msingi za umma, na shule ambazo hazikuwa na umeme zikaunganishiwa. Kununua na kusambaza kuliwezekana. Hata hivyo, katika shule nyingi vifaa viliishia stoo, kwa sababu mafunzo ya walimu hayakutosha, mashine zilizoharibika zilikosa wa kuzitengeneza, na walimu wakuu waliogopa wezi.

Hapa kwetu tuna mfano wa upande wa pili, na haujulikani inavyostahili. Kuanzia mwisho wa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Vijijini kuliwekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na wenyeji wakakabidhiwa kuviangalia. Mwezi Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Sharti la shindano lilikuwa kwamba programu za washiriki wote watano wa fainali zitolewe bure, mtu yeyote azichukue na kuzitumia.

Hebu tulitafakari hilo. Programu zilizotengenezwa kwa mamilioni ya dola, zikajaribiwa kwa watoto wetu, kwa lugha yetu, ni za bure. Ni shule ngapi za msingi katika kata yako zinazo?

Programu ni za bure, lakini kompyuta, hata iliyotolewa bure, ina gharama zake. Inakula umeme wa LUKU. Betri yake huchoka, feni yake huziba vumbi, printa hudai wino. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Shule ya watoto 600, hata ikipata yote, ina shilingi milioni 6 kwa mwaka mzima, na humo humo kuna chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Mwalimu mkuu akilazimika kuchagua kati ya karatasi za mtihani na kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka, atanunua karatasi. Ndiyo maana kompyuta huungua.

Kwenye maji tulishapita njia hii. Kwa miaka mingi tulichimbiwa visima, pampu ikafa, tukasubiri mfadhili mwingine. Sasa sheria ya maji ya 2019 inaweka vyombo vya watumia maji katika jamii, vyenye fundi na fedha zinazokusanywa kwa ndoo. Pampu yenye kamati hai ikiharibika, watu wanajua wa kumwita na fedha za spea zinatoka wapi. Kompyuta za shule zinahitaji utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Kazi yenyewe inagawanyika vizuri. Kamati ya Shule, au Bodi kwa sekondari, iteue watu watano: mzazi, mwalimu, fundi, mtu aliyesoma shule hiyo, na mwakilishi wa serikali ya kijiji au mtaa. Wahesabu mashine zote na kuandika ipi inawaka na ipi haiwaki. Wakabidhiwe daftari la chumba, ili mwalimu mkuu asibebe mzigo wa wizi peke yake. Waweke ratiba ya madarasa ukutani, na mzazi yeyote aweze kuuliza kwa nini darasa la tano halikuingia wiki hii.

Ninyi mafundi, wa simu na wa kompyuta, mliopita VETA na mliojifunzia kibandani, tunawaomba nusu siku kwa mwezi. Kupuliza vumbi, kubadilisha betri na kuondoa virusi ni kazi mnazozifanya kila siku. Mashine kuukuu inayolemewa na Windows mara nyingi hufufuka ikiwekewa Linux, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupanga mahesabu.

Nanyi mliosoma shule hizo na sasa mnafanya kazi mijini au ughaibuni, kabla ya kutuma kompyuta nyingine ulizeni fundi ni nani na umeme analipa nani. Kifaa cha kulinda umeme na diski ya nje yenye masomo vitawafaa watoto kuliko kompyuta ya kumi ya kukaa stoo.

Atakayesema hakuna intaneti, tumjibu kwamba si lazima. Programu ya Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja, nayo ikahudumia nyingine zote chumbani bila bando. Ina sura ya Kiswahili na masomo ya hisabati na sayansi. Kiwix hubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya flashi. Fundi akienda mjini mara moja kwa muhula, anarudi na vyote.

Ofisini nako kuna kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari la shule liko kwenye mifumo. Mtoto wa shule ya msingi hahami bila namba yake ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Mapato na matumizi ya shule huingizwa kwenye mfumo wa fedha wa serikali. Mara nyingi mwalimu wa takwimu huyafanya hayo kwa simu yake na bando la mfukoni mwake, usiku, baada ya kusahihisha. Mitihani ya ndani hupelekwa kuchapwa steshenari, ambako shule hulipa na pengine maswali huvuja. Kompyuta moja inayofanya kazi, printa na bando dogo la mwezi vitarudisha gharama hiyo shuleni. Hesabu zikishaingizwa, kuchapa ukurasa mmoja wa mapato na matumizi na kuubandika ubaoni ni kazi ya dakika chache, na ni haki yetu kuuona.

Tuwe waangalifu pia. Alama za watoto, namba za simu za wazazi na habari za afya si mambo ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu mtoto wa darasa la pili kama inavyomhusu mteja wa benki. Kila kompyuta ya ofisi iwe na nywila, na nakala ya kumbukumbu ikae mahali pengine.

Wapo watakaosema watoto wanakosa madawati na vyoo, kompyuta ni anasa. Hoja ni ya haki, na ndiyo maana siombi fedha za kununulia mashine. Naomba tutumie zilizokwishanunuliwa, kwani kuziacha zioze ni kupoteza hayo hayo madawati na vyoo. Wengine watasema michango imezuiwa tangu elimu bila ada ianze Januari 2016. Kilichozuiwa ni kulazimisha na kumrudisha mtoto nyumbani. Mchango wa hiari unaopitia utaratibu wa halmashauri unaruhusiwa, na ufundi wa kujitolea hauhitaji hata risiti.

Basi, kwenye mkutano ujao wa wazazi, simameni muulize maswali manne. Tuna kompyuta ngapi na ngapi zinawaka? Nani ana ufunguo? Watoto waliingia lini mara ya mwisho? Zikiharibika, anaitwa nani? Mkikosa jibu la mojawapo, msiondoke kabla ya kuwachagua hao watano na kuandika majina yao kwenye muhtasari. Nakala moja ya muhtasari iende kwa Afisa Elimu Kata, nyingine ibandikwe ubaoni. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, kamati isimame mbele ya wazazi na kueleza ni mashine ngapi zimefufuka na watoto wangapi wamezitumia. Ikishindwa, chagueni nyingine.