Nani Alipe Taa Isiyowaka?



Jumapili iliyopita baada ya Misa nilikuwa nikifunga daftari la michango, mara mzee mmoja wa kigango cha jirani akaja mezani pangu. Mzee huyu huniita mwalimu kwa sababu ya chuo nilichosomea, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia. Akasema: "Mwalimu, nasikia Kenya wanataka kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Je, hiyo siyo ile atomi iliyounguza miji ya Wajapani? Na sisi majirani, tufurahi ama tuogope?"

Sikumjibu upesi. Leo nataka kumjibu mbele yenu nyote, na jibu langu nitalitoa mbali, katika nchi ya Ufilipino. Wenzetu wale, Wakatoliki wengi kama sisi na wakulima wengi kama sisi, walilipita jambo hili zamani, na mafunzo yake waliyalipa kwa fedha.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Umeme wa nyuklia si uchawi. Mama akiinjika sufuria ya maji, mvuke hunyanyua kifuniko. Mvuke mwingi ukibanwa ndani ya bomba huweza kuzungusha gurudumu kubwa, na gurudumu hilo likazungusha mashine ya kutoa umeme. Mitambo mingine huchemsha maji yake kwa makaa ya mawe au gesi. Mtambo wa nyuklia huyachemsha kwa madini ya urani, ambayo chembe zake ndogo kabisa hupasuka na kutoa joto kali.

Mtambo huo si bomu, wala hauwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima. Lakini joto lake lisipodhibitiwa, huweza kuharibika na kumwaga sumu isiyoonekana kwa macho, kama ilivyotokea Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Tena urani iliyokwisha tumika yabaki ya hatari kwa maelfu ya miaka, na lazima ilindwe. Kwa upande mwingine, mtambo huu ukiendeshwa vizuri hutoa umeme mwingi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe, wala hautoi moshi wa makaa. Basi una faida yake na una hatari yake, na mtu mwenye haki atataja zote mbili.

Sasa twende Ufilipino. Mwaka 1973 Rais Ferdinand Marcos alitangaza kwamba nchi yake itajenga mtambo wa nyuklia. Nia yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Nchi ilinunua mafuta yake ng'ambo, na mwishoni mwa mwaka uleule bei ya mafuta ikapanda sana dunia nzima. Mahali palipochaguliwa ni Morong, pwani ya mkoa wa Bataan, karibu na mlima wa volkano uitwao Natib. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani ikapewa kazi, na mwaka 1976 ujenzi ukaanza.

Lakini angalieni hesabu. Mwanzoni ilitajwa bei ya kama dola milioni 500 kwa mitambo miwili. Mwishowe mtambo mmoja peke yake ukafikia zaidi ya dola bilioni 2, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo. Je, wananchi waliulizwa? Tangu mwaka 1972 nchi ilikuwa chini ya amri ya kijeshi, na mtu aliyehoji mambo ya Rais aliweza kujikuta gerezani.

Hata hivyo wako waliohoji. Alikuwako Lorenzo Tañada, seneta wa zamani, mzee aliyepita miaka themanini. Alikuwako Sista Aida Velasquez, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto. Walikuwako wavuvi na wakulima wa Bataan wenyewe. Mwaka 1979, baada ya ajali ya mtambo wa Three Mile Island huko Marekani, Marcos mwenyewe alisimamisha ujenzi na kuunda tume, nayo tume ikaona kasoro maelfu. Kazi ikarekebishwa na kuendelea. Mwezi wa Juni 1985, mtambo ukiwa karibu kukamilika, watu wa Bataan waligoma siku tatu, maduka yakafungwa na magari yakasimama.

Mwezi wa Februari 1986 Marcos akaangushwa na umati wa watu waliojaa barabarani bila silaha. Miezi miwili baadaye Chernobyl ikapasuka. Rais mpya, Mama Corazon Aquino, akaamua mtambo usiwashwe. Ukafungwa, na haukutoa umeme wa kuwasha hata taa moja. Lakini deni, ndugu zangu, deni halikufungwa. Serikali ya Ufilipino iliendelea kulilipa mwaka hadi mwaka, mpaka likaisha mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ujenzi ulipoanza alikuwa na miaka thelathini na mmoja siku deni lilipokwisha.

Hapa nimkumbushe msomaji wa parokia yetu jambo analolijua. Miaka michache iliyopita kigango kimoja kilinunua mashine ya kusaga kwa mkopo. Kamati ilikutana jioni moja, muuzaji akasema maneno matamu, tukatia sahihi. Nasema "tukatia" maana mimi ndiye niliyeandika barua ya makubaliano. Sikuuliza mashine inakunywa mafuta kiasi gani kwa siku, wala ni nani atakayeitengeneza ikiharibika. Ilisaga miezi minne ikafa. Akina mama wakarudia kinu na mchi, na bado kila mavuno walileta debe la mahindi kulipa mashine isiyosaga. Ni mimi niliyeyaandika madebe yale daftarini, na kila nilipoandika niliona haya. Mama mmoja aliniambia kwa upole: "Karani, siku ile ya kutia sahihi mbona hamkutuita sisi tunaosaga?"

Swali la mama yule ndilo swali la Bataan. Anayetia sahihi si yeye anayelipa, na anayelipa hakuitwa.

Lakini nisiwadanganye kwa kueleza upande mmoja. Serikali ya Mama Aquino ilipoufunga mtambo, haikuweka mitambo mingine ya kutosha mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wafilipino wakakaa gizani saa nyingi kila siku, viwanda vikasimama na watu wakakosa kazi. Kukataa nako kuna gharama yake. Mtu akisema "hiki sikitaki", yafaa aseme pia "badala yake tufanye hiki", ama sivyo atakuwa amezima taa ya jirani yake bila kumpa hata kibatari. Na mwezi wa Oktoba 2024 Ufilipino ilipatana na kampuni ya Korea ya Kusini kuchunguza kama mtambo ule mkongwe waweza kufufuliwa. Hivyo swali halijaisha hata kwao.

Sasa narudi kwa mzee wangu. Huko Kenya, mahali palipotajwa kwa mtambo wa kwanza ni Uyombo, kijiji cha wavuvi katika Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana kuupinga, wakakabiliwa na polisi. Mwaka 2025 viongozi walitaja pia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kenya inahitaji umeme, kama sisi sote tunavyouhitaji. Mtoto anayesomea kibatari na mama anayejifungua zahanati ikiwa gizani hawawezi kungoja milele. Mimi si fundi, siwezi kuwaambia Wakenya wajenge au wasijenge.

Lakini ukarani umenifundisha maswali matano, nayo yafaa kwa mtambo wa nyuklia kama yanavyofaa kwa mashine ya kusaga. Bei ya mwisho ni ngapi, siyo bei ya kwanza tu? Nani analipa kama haikuwaka? Nani ataitunza na kuikagua, naye ana uhuru wa kusema "simamisheni" akasikiwa? Taka zake zitakaa wapi, na nani atazilinda wajukuu wetu watakapokuwa wazee? Na la tano: je, watu wanaokaa mahali pale wameitwa, wakaelezwa kwa lugha wanayoielewa, wakajibiwa?

Kiongozi mwema hachukizwi na maswali hayo, maana majibu mazuri humpa nguvu. Anayeyachukia ndiye wa kuangaliwa. Wahenga walisema, "Kuuliza si ujinga." Nami naongeza kwamba kuuliza si ukaidi wala si uadui kwa serikali. Ni wajibu wa kila baba na mama watakaoachia watoto wao aidha taa au deni.

Basi, mzee wangu, usifurahi bado wala usiogope bado. Uliza. Na uulize mapema, wino haujamwagwa. Watu wa Bataan walipopata nafasi ya kuuliza bila woga, saruji ilikuwa imekwisha kukauka.

Mashine yetu ya kusaga ingali pale nyuma ya nyumba ya katekista, na kuku hutagia chini yake. Kamati mpya inazungumza habari za kununua nyingine, ya umeme wa jua. Mkutano ni Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi. Safari hii akina mama wameitwa, nao ndio watakaosema kwanza.

Wasalaam,
Karani wenu wa parokia