Sare ya Harusi Ipo, Pembea ya Maandalizi Haipo



Leo tutasema, na atakayekasirika tutamuomba radhi baadaye.

Juzi tulimfuata mtoto wa shoga yetu skuli ya maandalizi, hapa hapa Unguja. Walimu wapole mashaallah, ukutani herufi zimechorwa vizuri. Nje sasa! Bomba la pembea iliyokatika, vipande vya matofali, na jua. Watoto wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta wanasubiri kurudi nyumbani. Mwalimu mkuu anatwambia kaomba mchango wa wazazi mara mbili, jawabu ni moja: hali ngumu.

Usiku wa siku ile ile simu zikalia. Group la harusi. Sare imetoka, kitambaa kimoja, mshoni mmoja, pesa mwisho Ijumaa. Alkhamisi zimetimia! Na waliotimiza ni wale wale wenye hali ngumu, na sisi tumo.

Hatupigi vita harusi. Tunapenda singo, tunapenda piko, tunapenda kumuona bi harusi kang'ara. Lakini sare inavaliwa siku moja, na ikivaliwa ya pili tunachekana. Mtoto yuko pale uwanjani siku tano kwa wiki.

Wako wanaosema tusubiri mfadhili. Mfadhili akija huleta pembea ya plastiki, jua letu linaipasua, na spea haipatikani. Bi Swafiya Said alipoanza Mombasa miaka ya 1980 kuwafundisha walimu wa maandalizi ya madrasa, mpango uliofika Unguja mwaka 1990, vifaa vilitengenezwa kwa vilivyopo: vifuu, makumbi, vizibo, maboksi. Kina mama walikaa chini wakavitengeneza. Wao hawakuwa na simu za kuitishana mchango.

Tairi kuukuu gereji wanatupa. Zioshe, zipake rangi, zifukie nusu ardhini, watoto wanaruka na kupita chini. Ila zitobolewe matundu, maji yakituama humo tunafuga mbu. Kamba nene na boriti fundi wa mtaani anafunga pembea, na chini yake uwekwe mchanga wa kutosha, sentimita 30 hivi, mtoto akianguka asivunjike. Mchanga wenyewe usichotwe ufukweni jamani, bahari inatula vya kutosha. Halafu mti. Mwarobaini mmoja ukipandwa leo, wajukuu watacheza kivulini.

Na kuna wenzetu wa kusema "mtoto kaenda kusoma, si kucheza". Hawa ndio wanaotuchosha zaidi, kwa sababu wanaitia dini isipohusika. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wenziwe wakiona haya kwa kuingia kwake, yeye mwenyewe akiwarudisha wacheze naye. Abu Umayr alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume akimtania kwacho. Mjukuu wake alimpanda mgongoni amesujudu, akairefusha sijda asimharakishe. Sisi ni nani wa kumwambia mtoto wa miaka minne akae kimya kutoka asubuhi mpaka adhuhuri? Mara mbili kwa mwaka, sikukuu, tunampeleka Kariakoo kupanda pembea tukampige picha, basi tumemaliza.

Mabibi harusi wetu, nyinyi ndio tunaowaomba hasa, kwa sababu neno lenu wiki ile halikataliwi. Semeni: sare mwaka huu kila mtu avae dera alilonalo, pesa ya kitambaa ipelekwe maandalizi ya mtaani kwetu. Ataguna nani? Mawifi, labda. Wataguna, kisha watoto wao watapanda ile pembea.

Sisi tumeanza na tairi sita, tumepewa bure, ziko uani zinanuka mafuta. Jumamosi tunaziosha. Mwenye brashi na rangi iliyobakia aje navyo, na mwenye mume fundi aje naye.