Jivu Nalo Lina Haki Yake



Wahenga walisema, "Moto huzaa jivu." Walikusudia kwamba mzazi hodari huweza kupata mtoto dhaifu, nalo jivu wakalifanya mfano wa kitu duni. Sisi nasi tulilidharau vivyo hivyo. Usiku wa Idi Kubwa iliyopita, baada ya mishkaki, tulimwaga majivu ya seredani kichochoroni. Asubuhi mtoto wa jirani akayakanyaga. Chini yake mlikuwa na kaa lingali hai, akaungua wayo. Tulikwenda kumtaka radhi mama yake, naye alisamehe, lakini haya ilitubakia. Kuondoa udhia njiani ni katika imani, nasi ndio tuliouweka.

Tangu siku hiyo majivu yetu hayatoki uani. Huwekwa katika debe la bati lenye kifuniko, mbali na makuti na watoto, kwa siku mbili kamili, kisha hupekuliwa kwa kijiti hadi tuwe na yakini kwamba yamepoa. Ndoo ya plastiki haifai.

Jivu la makaa ya miti lina potasiamu na kalisi, ambazo mimea huzihitaji. Katika shimo la mboji tunanyunyiza konzi moja juu ya kila tabaka la maganda na majani makavu. Hatulichanganyi na samadi mbichi, kwani jivu huifanya naitrojeni yake ipotee hewani. Kwenye migomba tunatia kidogo, mbali na shina, tukafukia kwa jembe. Miche michanga hatuigusishi.

Wenye viwanja vya mawe ya matumbawe, kama wengi wa Mombasa kisiwani na Lamu, wapunguze zaidi: udongo huo una chokaa tayari, na jivu huizidisha. Majani mapya yakiwa manjano na mishipa yake ikibaki kijani, acheni. Na jivu la mbao zilizopakwa rangi, au la moto uliotiwa plastiki, lisiingie bustanini kabisa.

Enyi akina mama, nanyi vijana mnaochoma nyama kisha mkaondoka: kazi ya jiko haijaisha mpaka jivu lipate mahali pake. Mgomba wetu mmoja sasa umechanua. Mkungu wake tumeunuia kwa jirani yetu yule.

Wabillahi tawfiq.