Barabara si Zawadi



Liko neno moja lisemwalo sana katika vijiji vyetu vya mlima Meru, nami nimelisikia mara nyingi hata limenichosha, na leo nataka kulipinga mbele yenu nyote. Neno lenyewe ni hili: "Tumeletewa barabara." Greda likipita siku moja, watu husema tumeletewa. Malori mawili ya changarawe yakimwagwa, tumeletewa. Mkubwa akija kukata utepe, hupigiwa vigelegele, huvishwa shuka jipya, na kushukuriwa kama mtu aliyetoa ng'ombe katika zizi lake mwenyewe.

Nasema si kweli. Hatukuletewa. Tumenunua.

Tazameni jinsi tulivyonunua. Kila lita ya petroli na ya dizeli iuzwayo katika nchi hii ina tozo ndani ya bei yake, na tozo hiyo huingia katika Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 juu ya kila lita, na sababu iliyotolewa ilikuwa hizi hizi barabara za vijijini na mijini, yaani zile zilizo mikononi mwa TARURA tangu mwaka 2017. Labda utasema, "Mimi sina motokaa, sikulipa kitu." Je, ndizi zako zafikaje sokoni Tengeru? Mama apandaye pikipiki ya kukodi kwenda zahanati amelipa. Mwenye kupeleka mahindi kwenye mashine ya dizeli amelipa, ijapokuwa mashine ile haijapita barabarani hata siku moja. Hata mnunuzi wa chumvi amelipa kidogo, maana chumvi haikupanda mlima kwa miguu yake.

Sasa nawauliza. Tukichanga fedha za bati la kanisa, na mtunza hazina asisome hesabu, hatunung'uniki? Hunung'unika hata yule aliyetoa kuku mmoja. Lakini fedha za barabara, ambazo ni nyingi kupita za bati, hatuziulizi kabisa. Na sababu ni lile neno. Aliyepewa zawadi huona haya kuuliza bei yake.

Tena sheria yenyewe iko upande wetu. Sheria ya Mfuko wa Barabara, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, yasema kwamba angalau sehemu 90 katika kila 100 za fedha zile zitumike kwa matengenezo na kwa dharura, si kwa kufungua njia mpya. Waliotunga maneno hayo walikuwa wamekwisha kuona hasara. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, karibu theluthi moja ya dola bilioni 150 zilizotiwa katika barabara ilipotea kwa kukosa matunzo tu. Na wakala wa barabara wa Afrika Kusini umeonya kwamba barabara ikiachwa miaka 3, gharama ya kuitengeneza yaweza kupanda mara 6. Ikiachwa miaka 5, mara 18. Methali ya ufa na ukuta twaijua sote. Basi hizi ndizo hesabu zake.

Sisemi kwamba barabara kubwa hazina faida. Ile ya mchepuo iliyozinduliwa mwaka 2022, yenye kilometa 42, imewapa wenye malori njia ya kuuzunguka mji wa Arusha, nami nafurahi kuiona, ingawa imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo hulipwa. Lakini lori la ndizi halianzii pale. Laanzia juu, penye migomba na kahawa, nalo hushuka mpaka linapofika kwenye kalavati lililoziba, na hapo safari imekwisha.

Na udongo wetu hauna huruma. Ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga wakati wa kiangazi, na maji yakipata njia ndani yake huchimba korongo upesi sana. Mito ya Themi, Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai yote yashuka kutoka mlima ule ule, kwa kasi, ikibeba mawe na magogo kuelekea Kikuletwa. Kalavati likizibwa, maji hayakai kusubiri barua ya mwenyekiti. Hupanda juu ya barabara, huila kingo zake, kisha huondoka na tuta zima.

Hayo nimeyaona mwenyewe. Kalavati katika njia ya shule ninayofundisha lilijaa mchanga na vigogo vya migomba. Watu wanne wenye majembe wangelifungua kwa asubuhi moja. Tuliandika barua, waliohusika hawakuja. Na sisi wenyewe hatukushika jembe, kwa kuwa kila mtu alisema ile ni kazi ya mwenzake. Masika yalipofika tuta lilikwenda na maji, na kwa siku tatu darasa langu lilikuwa na watoto wa ng'ambo moja tu ya mto. Nilishukuru kwamba wale wengine hawakujaribu kuvuka. Maana tarehe 12 Aprili 2024, katika jiji la Arusha, gari lililochukua wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo, na watoto wakafa. Sitaki kumhukumu mtu katika msiba ule. Nasema tu kwamba makorongo yetu twayajua, na mwezi wa kujaa kwake twaujua pia.

Ndiyo maana kalenda ya kazi hii yanishangaza. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, nao ni wakati mzuri kabisa, maana ukavu wetu huendelea mpaka Oktoba. Lakini zabuni ikitangazwa Agosti, na mkataba ukatiwa saini Oktoba, mkandarasi ataingia kazini pamoja na vuli. Changarawe aimwagayo Novemba huwa imefika Kikuletwa kabla ya Krismasi, naye hudai malipo yake kama kawaida. Je, ni vigumu sana kumaliza karatasi mwezi wa Mei, ili greda liwashwe Julai? Mkulima asiyetayarisha mbegu mpaka mvua inyeshe, sisi humcheka.

Nanyi ndugu msinipigie makofi bado. Ni nani alimaye mpaka ndani ya mtaro, kwa ajili ya mistari miwili ya maharage? Ni nani akatizaye mfereji wa kumwagilia juu ya barabara usiku, asubuhi akajifanya hajui? Ni nani achimbaye mchanga chini ya nguzo za daraja na kuuza kwa malori? Mchanga ule ndio ushikao msingi. Fundi yeyote atawaambia kwamba daraja huanguka kutoka chini. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, lakini mnunuzi gani huvunja alichokinunua?

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa kanuni, huwa kila miezi mitatu. Wetu ni mwezi ujao. Nimekwisha kuandika maswali yangu katika daftari. Katika mpango wa mwaka huu, njia ya kijiji hiki imeandikiwa shilingi ngapi, kwa kazi gani, na mkandarasi ataanza mwezi gani? Makalavati yetu ni mangapi, na yapi yameziba? Na ni nani wa rika langu atakayekuja na jembe Jumamosi, kabla ya saa mbili? Mwenyekiti amekwisha kusikia kwamba nitasema, naye ameniomba niwe mfupi.